Uso wa Kazi Ulinifuata Nyumbani

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja, naishi Kimanga hapa Uvira. Msinihurumie haraka. Nisikilizeni kwanza... maana kusikiliza ndiko kulikoniharibu.

Nilifanya kazi katika kituo kinachopokea watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Wengine wanashuka kutoka milima ya Rurambo, wengine wanatoka bondeni, na wapo wasiojua hata jina la baba. Kila mtoto anapewa mama mmoja kati yetu wafanyakazi wa kumsikiliza. Sheria yetu ilikuwa hii: usilie mbele ya mtoto! Ukilia, atanyamaza ili asikuumize. Basi tukajifunza uso wa kazi. Uso umetulia, kichwa kinaitikia polepole, mdomo unasema, "Ninakusikia."

Mimi nilikuwa bingwa wa uso huo. Na nilijivuna nao, wee!

Halafu wenzangu wakaanza kuondoka. Mmoja alikosa usingizi, mwingine alikuwa akitapika kila asubuhi kabla ya kuingia biro, yaani ofisini. Hata Furaha, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, aliacha akaenda kuuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Nilimsema vibaya jamani! Nilimwita mvivu mbele za watu.

Kila mmoja alipoondoka, shefu, mkuu wetu wa kazi, alinunua fanta ya kuagana, kisha watoto aliokuwa akiwasikiliza wakagawiwa sisi tuliobaki. Na mtoto akipewa mama mpya, anasimulia upya kutoka mwanzo. Nyumba ilivyoungua... mama alivyoanguka njiani... Nilisikia ya watoto wangu, nikasikia ya watoto wa Furaha, nikasikia ya wote. Na mimi, nani alinisikiliza?

Nyumbani bugali niliuacha sahanini. Binti yangu Neema akicheka, nilishituka kama nimesikia mlio wa risasi.

Ndipo mama mkwe wangu akafariki huko Katogota. Yeye ndiye aliyemlea Neema tangu anatambaa. Habari ilipofika, mtoto alikuja mbio, akajitupa mapajani mwangu akilia kwa kwikwi. Nami nilifanya nini? Nilimwinua, nikamketisha kwenye kiti mbele yangu. Nikatuliza uso. Nikaitikia kwa kichwa. Nikamwambia, "Ninakusikia."

Neema akanyamaza palepale.

"Mama, weye hauna machozi?"

Nilitaka kulia, naapa! Hayakuja. Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema polepole, "Mama Neema, hapa haiko ku biro."

Tangu hapo mtoto hakuniletea tena jambo lake. Jino liking'oka, alimweleza baba yake. Akipigwa shuleni, alinificha. Baadaye nikaja kujua kwamba akitoka masomo anapitia sokoni kwenye meza ya Furaha, na huko ndiko anakomlilia bibi yake. Furaha yuleyule niliyemtukana! Wivu uliniuma, sitaficha.

Nikaacha kazi. Shefu akanunua fanta, na watoto wangu wa kituo wakagawiwa wengine, wakaanza tena kusimulia... Nilifika nyumbani, nikakaa jikoni, na machozi ya miaka yote yakashuka kwa pamoja. Sikuweza kuyazuia.

Neema akaingia. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Nilinyoosha mikono nikingoja anikumbatie.

Hakunikumbatia. Alituliza uso wake. Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Ninakusikia, mama," akasema.

Wenzangu mnaosikiliza watoto wa watu, nawaomba kwa magoti, tafuteni mapema mtu wa kuwasikiliza ninyi. Msingoje mpaka machozi yakauke. Nanyi wakubwa wa kazi, anayeondoka si mvivu! Muulizeni amebeba nini kabla hamjamgawia mwenzake mzigo ule. Fanta haitoshi.

Mwanangu ana miaka minane tu, na tangu siku ile ya msiba sijamwona akilia mbele yangu.