Vitone Viwili vya Lori la Baba

Kila asubuhi baba yangu, Raphaeli, alizungusha hendeli ya lori lake mara tatu. Injini ikinguruma, mama aliepua uji. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya nyumba yetu pale Tunduma, mwaka 1953.

Jumatatu moja injini iligongagonga, ikazimika. Uji ukaungua.

Jirani yetu Lusubilo alikuwa fundi. Alifungua injini, akaguna.

"Kemshafti imelika, Mzee Raphaeli. Hii ndiyo inayofungua valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi. Mdogo wangu ataleta nyingine Alhamisi, kutoka ng'ambo ya mpaka."

Jumamosi baba alipaswa kunipeleka Mbeya, chuo cha ualimu. Nisipofika siku hiyo, nafasi angepewa mwingine. Lori jingine halikuwapo.

Lusubilo alituonyesha gia mbili, magurudumu ya meno, kila moja ina kitone. Alizungusha injini mpaka vitone vikatazamana, akavipaka chokaa. Ndipo akaitoa kemshafti.

"Gia hii ni ya krenki, mhimili unaozungushwa na hendeli, ulioshikana na pistoni. Ile ni ya kemshafti. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja akikosea zamu, michi hugongana. Sasa hendeli isiguswe!"

Alhamisi Lusubilo alirudi na kemshafti aliyoletewa na mdogo wake. Akachungulia.

"Nani amezungusha? Kitone cha krenki kimeshuka!"

Mama alicheka. "Muulize mwenye lori. Huyo asipozungusha, hata uji haumshuki."

Baba aliinamisha kichwa. "Mara tatu tu, fundi, ya mwisho nikaishia katikati. Mkono umezoea."

"Ningefunga hivi, lisingewaka mpaka Krismasi!"

Lusubilo alirudisha krenki polepole mpaka kitone chake kikaelekea mahali pa kemshafti. Akaingiza kemshafti, vitone vikatazamana tena. Hakufunika haraka. Alizungusha krenki mizunguko miwili kamili, akatazama. Vitone vilikutana palepale. Ndipo akafunika.

Jumamosi hendeli ilizunguka mara tatu. Injini ikanguruma, laini kuliko zamani. Mama akaepua uji.

Baba alinipeleka Mbeya. Kwenye lango la chuo aliiacha injini ikinguruma, mikono bado kwenye usukani.

"Felista, siku ile nilipozungusha hendeli, haukuwa mkono peke yake," alisema. "Niliona lori likilala, nawe utabaki nyumbani. Nitakukosa sana, mwanangu. Haya, shuka. Usichelewe."