Chumba Kisicho na Mlango

Picha ilitakiwa kutoka nyeusi tii, na haikutoka nyeusi.

Mchoraji wake aliitwa Bi Picha, jina alilobandikwa na wateja. Kazi yake ilikuwa kuchora vyumba vya watu kwenye kompyuta kabla havijapambwa, na ukikitazama chumba chako humo ungeapa kimepigwa picha kwa kamera. Siri yake ilikuwa mwanga. Wenzake humwaga jua dirishani na kuwasha taa zote kwa mpigo, picha ikatoka kama uso uliopakwa poda gizani. Yeye aliupika kila mwanga peke yake. Kwanza jua, lile jeupe lenye ubaridi. Halafu taa, moja moja, na umanjano wake. Mwisho ndipo alipoichanganya, akipunguza hapa, akiongeza pale, kama mpishi anayeonja chumvi.

Safari hii alikichora chumba cha mama yake mzazi, ambaye hakuweza tena kushuka kitandani na macho yalishamchoka. Alitaka kujua taa zikae wapi kabla ya kumwita fundi umeme. Alichora kitanda, kabati, pazia na kuta tatu. Ule wa nne, wenye mlango, aliuacha. Ndivyo wanavyofanya wote wa kazi hiyo: kisichoonekana pichani, cha kukihangaikia nini?

Asubuhi hiyo alizima jua la kwenye mchoro, akazima na taa zake zote, ahakikishe hakuna alichosahau. Kompyuta ikapika, yaani ikaugeuza mchoro kuwa picha, ikatoa chumba. Hafifu, lakini chumba, chenye mwanga wa rangi ya maziwa yaliyochacha, ukitokea nyuma ya kabati ambako hakuwa ameweka kitu. Harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi ikampita puani. Na ukutani, juu ya kitanda kitupu, kulikuwa na kivuli cha mtu aliyeketi.

"Dada, njoo uone," aliita.

Dada yake mkubwa alikuja na mikono ya mapovu. Huyo ulimi wake pilipili. "Nione nini? Umekosea, kubali yaishe." Akainama. "Mabega hayo si ya mama? Moja juu, moja chini?"

"Mama sikumchora."

"Basi usiniambie mambo hayo. Nina vyombo."

Lakini waliongozana hadi chumbani. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa kitandani. Mto ulikuwa na kivuli chake. Kikombe kilikuwa na chake. Mama, aliyeegemea mto ule ule, hakuwa nacho.

"Mbona mmeduwaa kama mmekuja kunizika?" mama aliuliza.

"Unajisikiaje, mama?"

"Mwepesi, wanangu. Ila kuna mtu ananiwashia taa mchana, ananiumiza macho. Mwambieni azime."

Hakukuwa na taa iliyowashwa.

Siku zilizofuata, kutwa kucha, Bi Picha aliipika ile picha, na kila ikitoka mwanga wa maziwa ulikuwa umekolea na kivuli kimeusogelea, huku mama akipungua, chakula hataki, sauti imekuwa nyembamba hata ikabidi wamwinamie mdomoni. Kuifuta picha hakuthubutu. Ukikifuta chumba, kilichomo kinakwenda wapi?

Wakamleta mganga, mzee mkavu aliyevua viatu mlangoni akaketi mbele ya kompyuta kama mtu aliyekuja kuandikishwa. Alisoma, akafukiza, akasikiliza.

"Umejenga chumba," alisema polepole, "ukakitandika, ukakiwashia jua na taa kwa pamoja, kikawa mchana na usiku, kisha ukakiacha kitupu. Ulidhani watakaa kina nani?"

"Mtoe huyo aliyeingia, babu. Nakuomba."

"Nimemwamuru mara saba. Hakatai. Ananiuliza apite wapi."

Bi Picha akatazama kuta zake tatu, hakuna hata mmoja wenye mlango.

Alasiri hiyo hiyo aliuchora ukuta wa nne na mlango ndani yake, akauacha wazi kidogo kama mganga alivyomwelekeza, akaipa kompyuta ipike, na yeye na mganga wakaketi wakitazama picha ikijitokeza vipande vipande kama ukungu unaopanguswa kwenye kioo, kwanza pazia, kisha kabati, kisha miguu ya kitanda, na harufu ya utambi ikizidi, na nyuma ya ukuta halisi wa nyumba kukisikika kitu kikiburuzwa sakafuni taratibu, taratibu, kuelekea nje, hadi kikanyamaza.

Picha ikakamilika. Kivuli hakikuwepo tena kitandani. Mlango ulikuwa wazi kuliko alivyouacha.

Mwanga wa maziwa ulikuwa pale pale, nyuma ya kabati, mwangavu kuliko siku zote.

Mganga alianza kukusanya vitu vyake bila kumtazama usoni. "Nilimfungulia yule wa nyuma ya kabati," alinong'ona. "Lakini mwenye kivuli ndiye aliyekuwa karibu na mlango, naye ndiye aliyetoka."

"Mdogo wangu," dada aliita kutoka chumbani kwa mama, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia. "Acha hiyo kazi, uje."

Bi Picha hakuinuka. Alikuwa akiuvuta ule mlango uwe wazi zaidi, na zaidi, labda mama ataiona njia ya kurudi.