Hema la Kilo Moja na Nusu

Kila Jumamosi, kabla cherehani hazijaanza kunguruma, Kiduchu alifagia karakana ya shangazi yake, akaokota pini sakafuni kwa sumaku na kupanga vipande vya vitambaa kwa rangi zake. Shangazi alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mkasi mkali. Alimpa Kiduchu ujira mdogo kila wiki, naye Kiduchu hakuugusa hata kwa peremende. Alikuwa na jambo lake.

Jambo hilo lilikuwa mlima. Mwaka uliopita, klabu ya matembezi ya shule ilikwenda kupanda mlima kwa siku tatu. Kiduchu, ambaye umbo lake ndilo lililompa jina hilo, alibeba hema la kuazima la turubai, zito kama gunia la mawe. Hata adhuhuri ya siku ya kwanza haijafika, magoti yalikataa katakata. Mwalimu mmoja akamrudisha nyumbani. Kiduchu aliwatazama wenzake wakipotea kwenye kona ya njia.

Safari hii mwalimu wa sayansi, kiongozi wa klabu, alitoa masharti mapema. "Kila mtu ataleta hema lake. Na begi lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako. Atakayezidisha atabaki."

Kiduchu alikuwa na kilo thelathini na tano tu. Begi lake, pamoja na chakula, maji, blanketi na nguo, lisizidi kilo saba. Alipiga hesabu mara tatu, na kila mara jibu likawa lile lile: hema lisizidi kilo mbili.

Jumamosi iliyofuata alikwenda dukani na shangazi na kaka yake. Hema la kwanza lilikuwa jepesi kama unyoya, lakini bei yake ilimfanya Kiduchu alirudishe rafuni kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika yai. La pili lilikuwa na maua mekundu na bei ya kutabasamu.

"Hili ndilo lenyewe!" alisema mwenye duka. "Hata tembo hatalitikisa. Jana tu kijana mmoja wa shule yenu amechukua moja."

Kijana huyo alikuwa Mbwembwe, mwanafunzi mwenzake aliyependa vitu vya kung'aa. Kiduchu alipapasa maua yale. Moyo ulimtuma alichukue, amalize kazi. Lakini akauliza, "Samahani, kuna mizani?"

Mizani ilisema kilo tatu na nusu. Akaukunja ufito mmoja wa hema kidogo. Ukalia kama kijiti kikavu.

"Wewe nawe!" kaka yake alifoka. "Mchagua jembe si mkulima!"

"Na asiyechagua atalimia mpini," shangazi alijibu. "Mwache. Atakayelala humo ni yeye."

Wakaenda soko la mitumba. Kwa mama mmoja aliyeuza mabegi na viatu vya kutembelea, chini kabisa ya rundo, Kiduchu alivuta hema la kijani la mtu mmoja. Mizani ya mama huyo ikasimama kwenye kilo moja na nusu. Aliomba ruhusa, akalisimamisha pale pale kati ya viatu, akaingia, akajinyoosha. Miguu haikugusa kitambaa. Alifungua na kufunga zipu mara kumi, akazikagua fito moja moja. Wapita njia wakacheka.

"Mwanangu, sikufichi," alisema yule mama. "Limechanika ubavuni, na mishono inavuja. Ndiyo maana bei yake ni hiyo."

"Ahsante kwa kuniambia, mama," Kiduchu alisema, akatoa akiba yake. Ilitosha, na ikabaki ya kununulia gundi ya mpira.

Kaka yake alitikisa kichwa. "Umenunua chujio!"

Kiduchu alitegemea shangazi angelishona. Shangazi alimsukumia tu kiti. "Mimi nitakuelekeza. Mikono ni yako. Na kumbuka, kila tundu la sindano ni mlango wa maji."

Basi Kiduchu alikata viraka viwili kutoka mwavuli mbovu, akavibandika kwa gundi ndani na nje, kisha akapaka mishono yote kwa brashi, inchi kwa inchi. Gundi ilipokauka, alilisimamisha hema uani na kulimwagia ndoo ya maji. Ndani kukawa na dimbwi. Alikaa kwenye ngazi, mikono kichwani. Baadaye akainuka, akatafuta kila tone lilikoingilia, akapaka upya. Mara ya pili, matone mawili. Mara ya tatu, kaka yake mwenyewe alishika ndoo, akamwaga kwa nguvu zote, kisha akapenyeza mkono ndani.

"Kavu," alinong'ona. "Kavu kabisa, dada!"

Siku ya safari, begi la Kiduchu lilipimwa: kilo sita na robo tatu. Mbwembwe ilimbidi aache viatu vya akiba na nusu ya biskuti zake ili hema lake la maua lipite. Kiduchu alitembea. Akapita ile kona ya njia, akapita mto, na magoti yakatii.

Alasiri ya siku ya pili, wakiwa wamepiga kambi chini ya kilele, mvua ya mawe ikawashukia. Upepo uliyapiga mahema makofi. Lile la kijani lilitetema lakini halikulegea, na Kiduchu ndani yake hakupata hata tone shingoni. Mara akasikia kitu kikivunjika, kisha sauti ya Mbwembwe: "Limeniangukia! Jamani, limeniangukia!"

Kiduchu alitoka mbio kwenye mvua. Ufito wa hema la maua ulikuwa vipande viwili. Alishikiza kijiti kando yake, akakifunga kwa utepe wa kitambaa kutoka begi lake, fundo juu ya fundo, kama alivyoona shangazi akifunga mguu wa meza ya karakana. Hema likasimama.

"Kiduchu, umeniokoa," Mbwembwe alisema, meno yakigongana.

Asubuhi jua liliwakuta watoto wote kileleni. Mwalimu wa sayansi, aliyeona yote ya jana na kumhoji Kiduchu jinsi alivyolipata hema lake, alisimama karibu na Kiduchu.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Mwenzenu hakuwa na pesa nyingi. Alikuwa na subira ya kuuliza, ya kupima na ya kujaribu tena kazi ilipomshinda. Kitu kizuri si lazima kiwe cha bei kubwa wala cha kung'aa. Ni kile ulichokichunguza kwa macho yako na kukitengeneza kwa jasho lako. Hicho hakitakuangusha."

Kiduchu alitazama mabonde yaliyotandazwa chini ya miguu yake, akajaza kifua upepo wa kileleni na kupiga ukelele. Mwangwi ukamrudishia, na wenzake wote wakaitikia.