Nakala Tatu Katika Diski Moja

Nyumbani kwetu mtu wa kwanza kuamka ni mimi. Nabandika maji ya chai, nafungua madirisha, nafagia sebule. Mtu wa pili ni mume wangu. Yeye hafagii. Yeye huketi mbele ya kompyuta na kusikiliza sauti.

Mume wangu alikuwa fundi redio kwa miaka thelathini na sita. Miaka yote hiyo alitembea na kinasa sauti mfukoni. Alinasa watoto wetu wanne wakijifunza kuhesabu. Alinasa mvua juu ya bati la nyumba yetu ya kwanza. Hata mimi alininasa nikikoroma. Nimemwomba aifute hiyo mara nyingi. Hajaifuta.

Zamani sauti hizo zilikuwa kwenye kanda, na kanda zilijaza makabati mawili. Zilipoanza kuota ukungu, alizihamishia kwenye kompyuta moja moja. Kazi hiyo ilimchukua miezi saba. Kisha akazitupa. Baadaye zikaja picha na video, kompyuta ikajaa. Akanunua diski ya nje. Ni kisanduku chembamba, hakizidi kitabu cha sala, na huunganishwa na kompyuta kwa waya. Akahamishia kila kitu humo, akaifuta kompyuta ikabaki nyeupe.

"Ukoo mzima umo humu," alikuwa akisema, huku akiipapasa ile diski kama paka.

Humo kulikuwa na sauti moja iliyopita zote. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, mama yake mzazi.

Mjukuu wetu wa kwanza alipotimiza wiki mbili, mama mkwe alimpakata akaanza kumsemesha juu ya siku ambayo mtoto huyo ataolewa. Mtoto mwenyewe alikuwa na kwikwi, hik, hik, haziishi. Ndiyo maana mpaka leo tunamwita Kwikwi. Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata. Kwikwi amekua akisikia habari za maneno yale, lakini hajawahi kuyasikia yenyewe.

"Utayasikia siku yako," babu yake alimwahidi. "Bibi yako Mkubwa alisema ni ya siku hiyo, na mimi siyatoi kabla."

Siku hiyo ikakaribia. Zilibaki wiki tatu. Jumamosi moja mchana Kwikwi alikuja kumfundisha babu yake kucheza.

"Hatua mbili kulia, Babu. Siyo hivyo! Unacheza au unaua mende?"

"Mchumba wangu, mimi nilianza kucheza kabla mama yako hajazaliwa."

"Inaonekana. Magoti yanapiga kelele kuliko muziki."

Muziki ulikuwa unatoka kwenye diski. Mimi nilikuwa kwenye kochi nachambua mchele, nacheka hadi mbavu zinauma. Mume wangu alijizungusha kwa mbwembwe. Mguu wake ukanasa kwenye waya. Diski ikaruka kutoka mezani, ikapiga sakafu ya saruji.

Muziki ulikatika. Tukasikia kitu kinagonga ndani ya kile kisanduku. Tik. Tik. Tik.

Mume wangu alikaa chini, jasho likimtoka. Lakini hakupoteza moyo.

"Msiogope," alisema. "Mimi si mtu wa kubahatisha. Nina nakala tatu za kila kitu."

Kwikwi akashusha pumzi. "Afadhali, Babu. Ziko wapi?"

"Humo humo."

"Humo wapi?"

"Ndani ya diski. Folda ya kwanza nimeiita Nakala. Ya pili Nakala ya Nakala. Ya tatu Nakala ya Mwisho Kabisa."

Hakuna aliyecheka. Alipomaliza kuyasema hayo, na yeye mwenyewe akaelewa. Nilimwona usoni. Alinyoosha mkono aigonge kidogo ile diski, kama alivyokuwa akigonga redio za wateja.

"Usiiguse, Babu!" Kwikwi alisema. Akatoka mbio kwenda kumwita jirani.

Jirani yetu wa ukutani ni fundi wa kompyuta. Ni mama wa makamo. Chumba chake cha mbele ndicho karakana yake. Alikuja na bisibisi nyuma ya sikio, akainama, akasikiliza ile tik tik. Kisha akachomoa waya taratibu.

"Shikamoo, Mzee. Umeiwasha tena baada ya kuanguka?"

"Marahaba. Nilitaka kuigonga kidogo."

"Namshukuru aliyekuzuia. Mzee, wewe unazijua santuri?"

"Nazijua kuliko ninavyokijua kiganja changu."

"Basi humu ndani mna kitu kama santuri, inazunguka kwa kasi. Juu yake kuna kitu kama sindano. Tofauti ni kwamba sindano hii haitakiwi kuigusa sahani. Imeanguka huku inazunguka, kwa hiyo huenda imegusa. Kila ukiiwasha inaweza kukwaruza zaidi. Usiigonge, usiifungue, usiitie kwenye friji kama watu wanavyodanganyana."

"Inatengenezeka?"

"Kuna mafundi wenye vyumba maalumu visivyo na vumbi. Naweza kuwapelekea. Ila watataka miezi miwili, na hawatoi ahadi."

Miezi miwili! Harusi ilikuwa baada ya wiki tatu. Kwikwi akaegemea ukuta.

"Usijali, Babu," alisema. "Utanisimulia tu alivyosema." Akalia kimya kimya.

Mume wangu alitaka kujitetea. "Lakini nakala nilikuwa nazo tatu!"

Fundi akaketi karibu naye. Hakumcheka.

"Mzee, ufunguo wa nyumba hii una nakala ngapi?"

"Tatu. Mmoja ninao mimi, mmoja anao mama watoto, mmoja uko kwako."

"Kwangu ulileta wa nini?"

"Siku tukijifungia nje, tuje kwako..."

"Ndiyo hivyo, Mzee. Ungeziacha zote tatu ndani, ungekuwa na funguo tatu na ungelala nje. Folda zako tatu zilikuwa kwenye chombo kimoja. Chombo kimeanguka, zimeanguka zote. Niambie, hakuna mtu aliyewahi kuiazima diski hii?"

"Hakuna. Labda dada yangu, miaka minne iliyopita. Aliiomba kwa wiki moja akakaa nayo miezi mitatu! Na akataka nimmegee sauti za mama. Nilimkatalia. Nilijua zingezagaa kwenye simu za watu."

Fundi akanitazama. Nami nikamtazama. Mume wangu hakuona kitu. Alikuwa anaitazama diski yake.

Wifi yangu huyo ni mshonaji, anakaa mitaa mitano kutoka kwetu. Tangu ugomvi ule yeye na kaka yake walikuwa wakisalimiana misibani tu. Jumatatu niliweka khanga begani nikaenda. Nilimkuta kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni.

"Wifi, karibu. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Diski ya kaka yako imekufa."

Akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Nikamweleza yote, mpaka ile Nakala ya Mwisho Kabisa. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Na sauti ya mama?"

"Imo humo. Wifi, nakuuliza, na mimi sitasema neno. Ile miezi mitatu uliyokaa na diski, ulifanya nini?"

"Nikikujibu ataniita mwizi."

"Na usiponijibu?"

Akanyanyuka. Akafungua kabati la vitambaa, akatoa kopo la kuwekea vifungo. Chini ya vifungo kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kulikuwa na diski.

"Nilinunua yangu, nikanakili yote," alisema. "Yeye ni nani hata anifungie sauti ya mama? Kwani mama alimzaa peke yake?"

Nilimkumbatia mpaka vifungo vikamwagika. Lakini aliniambia neno lililonitia baridi. "Wifi, sijaifungua hata siku moja. Sijui kama imeshika."

Tukaenda naye nyumbani kwetu mchana ule ule. Fundi na Kwikwi, niliowapigia simu tukiwa njiani, walikuwa wameshafika. Mume wangu alipomwona dada yake mlangoni na diski mkononi, alielewa bila kuambiwa.

"Uliniibia," alisema.

"Nilikuibia, kaka. Nirudi nayo?"

Akasogeza kiti. "Kaa hapa, mwizi wangu. Mke wangu, mletee chai."

Fundi alichomeka diski. Aliiweka katikati ya meza, akauzungusha waya nyuma, mahali mguu haufiki.

"Msishangilie bado," alisema. "Nakala ambayo haijafunguliwa ikaonekana inafanya kazi, mimi siihesabu."

Tulisubiri. Kompyuta ilifikiri, ikafikiri. Ghafla majina ya faili yakajaa kwenye kioo, mamia kwa mamia. Mume wangu alivaa visikilizio, akamgeuzia Kwikwi mgongo. Alisikiliza. Mabega yakaanza kutikisika. Hatukujua analia au anacheka.

"Yupo," alisema. "Mama yupo. Na mtoto yupo."

"Nisikie, Babu!" Kwikwi alimrukia.

"Thubutu! Siku yako haijafika." Hapo Kwikwi akaanza, hik, hik. Tangu utotoni akifurahi sana kwikwi humshika, na mpaka leo hazijamwacha.

Lakini diski ya wifi iliishia miaka minne nyuma. Ya baadaye yalikuwa yamepotea. Basi tukawapigia ndugu wote. Jumapili walikuja na simu zao na kadi za kumbukumbu. Kila aliyewahi kutumiwa picha au sauti na mume wangu alirudisha alichokuwa nacho. Meza ilijaa waya kama tambi. Hatukupata yote. Safari yetu ya mwaka juzi imepotea kabisa, na mume wangu bado huitaja. Lakini mengi yalirudi. Sauti yangu ya kukoroma ilikuwa ya zamani, kwa hiyo ilirudi nzima. Watoto waliipiga mara mbili.

Siku ile fundi alitupangia utaratibu, nami nikauandika kwenye daftari.

Kila kitu kiwe na nakala tatu, na zisikae mahali pamoja. Moja iko kwenye diski mpya, katika droo ya chumbani. Ya pili iko kwenye diski nyingine, kwa wifi, katika kopo la vifungo. Nyumba ikiingia maji au mwizi, na Mungu apishe mbali, ya kwa wifi itabaki.

"Na ya tatu?" mume wangu aliuliza.

"Ya tatu tunaipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ni sehemu ya kulipia. Vitu vyako vinatunzwa kwenye kompyuta za kampuni, mbali na hapa. Unavifungua kwa neno la siri."

"Vitu vyangu ni vingi. Mtandao wetu unatambaa kama konokono."

"Basi anza na vile ambavyo vikipotea utalia. Vingine vitapanda mtandaoni kidogo kidogo."

Aliviorodhesha. Ya kwanza ilikuwa sauti ya mama yake. Ilipanda mara moja, maana sauti si nzito kama video. Picha zilichukua siku tisa. Neno la siri nimeliandika mimi, na mahali nilipoliweka tunapajua mimi na mume wangu tu.

"Mkimaliza kunakili, chomoeni diski muiweke," fundi alisema. "Ikikaa imechomekwa, umeme ukiruka au kirusi kikiingia, inaondoka pamoja na kompyuta. Iwekeni pakavu, pasipo na jua. Muiandike tarehe. Na diski huzeeka kama sisi. Baada ya miaka michache mnunue nyingine, kabla hii haijawachoka."

Sasa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi mume wangu huchukua diski ya nyumbani, yenye mapya yote, akaipeleka kwa dada yake. Ya kule huirudisha nyumbani, akaijaza mapya. Kabla ya kubadilishana hufungua faili tatu zozote, waone kama zinafanya kazi. Wifi huchagua. Mume wangu huenda kwa shughuli ya robo saa, akarudi jioni ameshiba.

Harusi ikafika. Ukumbi ulijaa. Mchana, baada ya chakula, mume wangu alisimama na kipaza sauti, tai imepinda. Alisema maneno machache, kisha akabonyeza sauti ya mama yake.

Sauti ikatoka, kavu kidogo, karibu kabisa, kama amekaa meza ya mbele.

"Wewe mtoto, acha kwikwi nikwambie." *Hik*, mtoto alijibu. "Siku utakayoolewa huenda nimechoka kukusubiri, nimekwenda zangu. Usilie. Kula, ushibe, ucheze. Huyo bwana akikuudhi, mwambie una bibi mkali." *Hik.* "Unanicheka? Haya, na mimi nakucheka." Na akacheka, kile kicheko chake cha kooni nilichokuwa sijakisikia miaka zaidi ya ishirini.

Kwikwi alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Ndani ya spika mtoto akapiga moja ya mwisho. *Hik.*

Na mezani kwa maharusi, bibi harusi akajibu, "Hik!"

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Kila Kwikwi akijaribu kujizuia, zilizidi. Bwana harusi alimletea maji mara tatu. Wifi na kaka yake walishikana wasianguke. Baadaye mume wangu alicheza, hatua mbili kulia, na hakuna waya uliomgusa.

Tulirudi nyumbani jua halijazama. Nilitaka kukaa, miguu ilikuwa inaniwaka moto. Mume wangu alipita sebuleni moja kwa moja na viatu vyake, akafungua droo, akatoa diski. Kutoka mfukoni akatoa kinasa sauti. Kumbe alikuwa amenasa tena ukumbi mzima, kwikwi ya zamani na kwikwi ya leo, pamoja na vicheko.

"Vua viatu kwanza, Mzee," nilimwambia. "Nimepiga deki leo."

"Subiri kidogo, mke wangu," alisema, huku anatafuta waya. "Bado iko sehemu moja tu."