Maji ya Chumba cha Uani

"Maji ya kufulia, wifi. Umemnywesha ndugu yangu maji ya kufulia, halafu unaniambia nitulie."

Mama alikuwa amesimama katikati ya ua, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Hakupiga kelele. Alipokasirika kweli sauti yake ilishuka badala ya kupanda, na watu wa nyumba ile walijua kwamba hapo ndipo pa kujihadhari.

Mke wa ndugu yake alikuwa ameinama juu ya beseni, akikamua shuka la mgonjwa.

"Yalichemshwa, wifi," alijibu bila kuinua kichwa. "Maji yakishachemshwa sawasawa hayana tena habari ya kutoka kisimani au bombani."

"Basi kabishane na daktari. Amesema ni homa ya matumbo, na amesema imetokana na maji. Au daktari naye anakuchukia?"

"Sikusema unanichukia."

"Na mimi sikusema sikuchukii."

Kwenye mlango wa jiko alisimama binti wa Mama, msichana wa miaka kumi na miwili. Nyumbani na shuleni walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi ile ulikuwa umefungwa kama uliopigwa kufuli.

Anti, kama Chiriku alivyozoea kumwita mke wa mjomba wake, alinyoosha mgongo na kumtazama. "Mtoto si huyu hapa? Aulizwe yeye. Chiriku, maji ulikuwa unayachemsha kila siku kama nilivyokufundisha?"

"Ndiyo, Anti," alisema Chiriku.

"Mpaka mapovu makubwa?"

"Ndiyo."

"Umesikia, wifi," alisema Anti, akaanika shuka kwenye kamba.

Mjomba na Anti walikuwa wameoana mwaka uliotangulia. Mjomba alikuwa fundi umeme, mkewe mwalimu wa chekechea, na wote wawili walikuwa wakijiandaa kwenda kuwa wamisionari mahali pa mbali, penye mto lakini pasipo bomba wala zahanati. Chuo cha misheni kiliwataka waanze kuishi maisha ya huko kabla hawajaondoka. Basi wakahamia chumba cha uani, wakatoa kitanda nje na kulala kwenye mkeka. Walisali alfajiri, wakala mara mbili kwa siku na kuoga kwa ndoo moja wote wawili. Mjomba alizunguka ua na begi la mchanga mgongoni ili miguu izoee milima, huku akikariri maneno ya lugha ngeni. Akikosa wa kuzungumza naye, aliwasalimia kuku.

"Wanakujibu?" Mama aliwahi kumuuliza kutoka kwenye cherehani yake.

"Matamshi yao bado, dada, lakini wanajitahidi."

Majirani walicheka. Mama hakucheka. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea ndugu yake huyo, akamsomesha kwa cherehani ile ile. Kumwona analala chini kwa hiari yake kulimuuma, na maumivu hayo yote aliyamwaga kwa wifi yake. Chumvi ikizidi, wifi. Mlango ukibamizwa na upepo, wifi.

Jambo lililomkera kuliko yote ni maji. Bomba lilikuwa pale pale mlangoni, lakini wale wawili walichota kwenye kisima cha wazi nyuma ya nyumba, ambacho majirani walikitumia kufulia tu. Chuo kilisema hivyo: kama huko utakunywa ya mto, jifunze huku kuyafanya maji mabaya yawe salama. Tena kulikuwa na zoezi la mwisho, ambalo bila kulifaulu hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Kila mwanachuo alitakiwa kumfundisha mtu mmoja kazi moja ya afya, kisha amwachie. Asimsimamie wala asimsaidie. Mwalimu alipaswa kuishi kwa kazi ya mikono ya mwanafunzi wake, kwa sababu huko waendako hataweza kusimama katika kila jiko.

Anti alimchagua Chiriku, na kazi aliyomfundisha ilikuwa kuchemsha maji.

Mwanzoni Chiriku alifanya vizuri. Alichuja maji kwa kitambaa, akayachemsha mpaka yakaruka mapovu, akaacha yaendelee kuchemka, akafunika sufuria. Lakini jiko la mafuta ya taa lilikuwa la polepole, na wenzake walimsubiri uwanjani kwa mchezo wa netiboli. Siku moja aliyaondoa jikoni kabla hayajachemka. Yalikuwa meupe, hayana harufu, na hakuna aliyelalamika. Kesho yake akafanya vile vile. Baadaye ikawa ndiyo kawaida: anayapasha tu mpaka sufuria iwe ya moto, ili Anti akipita na kuigusa aridhike.

Anti aliigusa, akaridhika. Akamwambia, "Mwanafunzi wangu hodari." Wote wawili waliyanywa, lakini ni Mjomba aliyeanza kuumwa kichwa, akapata homa, akashindwa kusimama.

Baada ya ule ugomvi wa uani, Anti alikaa kizingitini mwa chumba chake. Chiriku alikuwa akipita na ufagio.

"Njoo," alimwita. "Mkufunzi wa chuo anakuja leo mchana kukagua zoezi. Usiogope, wewe hutaulizwa mengi. Kosa ni langu."

"Kosa gani, Anti?"

"Wewe umefanya nilichokufundisha, na mtu bado ameugua. Basi nilichokufundisha si sahihi. Labda muda niliokupa ni mfupi, labda nimesahau kitu. Sijui." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Ila mtu ambaye hajui amekosea wapi hafai kupelekwa kwenye watoto wa watu. Nitamwambia Mkufunzi atufute kwenye kundi."

"Hamtakwenda tena?"

"Hatutakwenda."

Chiriku alishika ufagio kwa mikono miwili. Yeye mwenyewe hakutaka waende. Aliwahi kulia kwa ajili ya safari ile. Sasa alikuwa amepata alichokitaka, akainamisha kichwa na kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Alipoingia jikoni alimkuta Mama amechuchumaa, ameshika dumu la mafuta ya taa. Alilitikisa karibu na sikio, akalitikisa tena.

"Funga mlango," alisema Mama.

Chiriku akafunga.

"Dumu hili nililijaza mwenyewe zoezi lao lilipoanza. Ungekuwa unachemsha maji kila siku kwenye jiko hili, lingekuwa limekauka. Limefika nusu." Akalitua chini. "Ulikuwa unachemsha, au ulikuwa unanitengenezea mvuke?"

Machozi ya Chiriku yalijibu.

Chiriku alisubiri kofi, lakini halikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie. Mjomba wako ameshaanza dawa, atapona. Mkufunzi akija, wewe jibu kama ulivyojibu asubuhi. Mambo yataisha yenyewe, na ndugu yangu atabaki hapa."

"Lakini Anti anadhani ni yeye."

"Anti ni mtu mzima. Atavumilia." Mama alisimama, akakung'uta nyuzi kwenye sketi. "Futa uso."

Mkufunzi alifika mchana. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu vilivyozoea matope, ambaye miaka mingi ya kazi za misheni ilimwondolea maneno ya kupambapamba. Alimjulia hali Mjomba kupitia dirisha la chumba cha uani, akakataa kiti, akaanza kazi.

"Mgonjwa ninamwona. Maji yako wapi?"

Anti alileta sufuria iliyofunikwa, ile iliyojazwa siku iliyopita. Mama alikuwa kwenye cherehani yake kibarazani, lakini gurudumu halikuzunguka.

"Nani aliyafanya?"

"Mwanafunzi wangu, huyu."

"Ulimsimamia?"

"Hapana. Sheria ya zoezi inakataza."

"Na unaniambia mumeo ameugua kwa sababu ya mafundisho yako, si kwa sababu ya mtoto."

"Ndiyo."

"Kwa nini una uhakika hivyo? Watoto hudanganya. Watu wazima pia."

Anti alimtazama wifi yake kibarazani, kisha Chiriku. Tangu asubuhi alikuwa amesemwa, amedharauliwa, ameonekana kama muuaji, na sasa alisimama wima kama mtu aliyechoka kuinama.

"Nimemuuliza mbele ya mama yake, amesema alichemsha," alisema. "Mimi neno lake nimelikubali. Kama natakiwa kulithibitisha, nitalithibitisha."

Akafunua sufuria, akachota kikombe, akakiinua.

"Usinywe, Anti."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia. Kikombe kilisimama karibu na midomo.

"Sikuyachemsha," alisema Chiriku. "Hayo sikuyachemsha, na ya kabla ya hayo. Nilikuwa nayapasha tu. Nilikuwa nawahi mpira."

"Mtoto amechanganyikiwa," alisema Mama haraka. "Hajala tangu asubuhi, hajui anachosema."

"Najua, Mama."

Anti alishusha kikombe. Uso wake haukuwa na huruma hata kidogo.

"Asubuhi nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mara mbili. Ukaniangalia usoni. Nimekaa pale kizingitini nikijihesabia makosa yangu, na wewe umesimama na ufagio unanisikiliza."

"Nisamehe, Anti."

"Nitakusamehe, lakini si sasa hivi. Sasa hivi nina hasira."

Mkufunzi alimgeukia Mama. "Na wewe ulikuwa unajua?"

Mama angeweza kukataa, na Chiriku asingemtaja. Lakini alimwona binti yake amesimama peke yake katikati ya ua, amekunja vidole, anasubiri. Akasukuma kiti nyuma.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu asubuhi, nikamwambia anyamaze. Nilitaka ndugu yangu abaki. Bado nataka. Huko kwenu mtamzika kwenye matope, na mimi nitaletewa habari tu."

"Dada," sauti dhaifu ya Mjomba ilitoka dirishani, "mimi nimeugulia hapa hapa kwako, hatua chache kutoka kwenye bomba."

Hakuna aliyecheka, ingawa Mkufunzi aliangalia pembeni kidogo.

"Basi sikilizeni," alisema Mkufunzi. "Mafundisho yalikuwa sahihi. Naweza kuandika hivyo, zoezi likahesabiwa, mkaondoka na kundi lenu mgonjwa akipona. Au mnaweza kuanza upya na kungoja kundi linalofuata. Amueni wenyewe, ninyi wawili."

Anti alichuchumaa mbele ya Chiriku, akaweka kikombe kati yao.

"Tazama humu. Unaona nini?"

"Maji."

"Yamechemshwa au hayajachemshwa?"

Chiriku alitazama. Yalikuwa meupe, yametulia. "Huwezi kujua kwa macho."

"Huwezi. Mimi pia siwezi. Kinachoyatofautisha ni neno la aliyeshika jiko, basi. Kazi ambayo wenzako hawawezi kuiona ndiyo hiyo ambayo huruhusiwi hata kidogo kuidanganya, kwa sababu mtu anainywa. Mimi nilikufundisha namna ya kuchemsha, lakini hilo sikukuambia. Nilidhani unalijua. Hapo ndipo nilipokosea kweli." Akainuka, akageukia dirisha. "Mume wangu, mimi siendi na zoezi la nusu. Unasemaje?"

"Tuanze upya," alisema Mjomba. "Mimi safari hii nitakunywa ya bomba la wifi yako mpaka uniambie haya yako ni salama."

"Na mwanafunzi?" aliuliza Mkufunzi. "Utatafuta mwingine?"

"Huyu huyu."

"Baada ya hayo yote?"

"Mwingine hajui maji yanaweza kufanya nini. Huyu amekwisha kuona."

Anti akaibeba sufuria mpaka mferejini, akaimwaga yote. Kikombe nacho akakimwaga. Kisha akamkabidhi Chiriku ndoo tupu.

"Leo nakusimamia," alisema. "Na kesho. Utaanza kuwa peke yako siku nitakayokuamini, si kabla."

"Ndiyo, Anti."

Mama aliwaangalia, mikono kiunoni. "Sijasema ninakubali safari," alisema.

"Hatujakuomba ukubali leo, wifi," alijibu Anti.

"Vizuri. Ila sufuria hiyo isuguliwe kwanza, ndani na nje. Hamtaweka maji safi kwenye chombo kichafu ndani ya nyumba yangu." Akachukua dodoki na sabuni kutoka kwenye ukingo wa karo la kuoshea vyombo, akaanza kusugua mwenyewe, kwa nguvu, huku amewapa mgongo.

Chiriku alikwenda kisimani, akarudi na ndoo, akachuja maji kwa kitambaa. Akawasha jiko, akateleka sufuria, akaketi mbele yake na kuukazia macho uso wa maji.