Mbegu za Uchagani

Saa tatu na dakika arubaini asubuhi, lori jeupe aina ya Canter liliingia lango la bandari ya Malindi. Makasha mia mbili chini ya turubai la kijani.

Zeyana alifunga breki za Vespa hatua tano nyuma yake. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Kibali, dada?"

Alitoa kitambulisho cha Kitengo cha ukaguzi wa dawa.

"Hichi nnakiona. Kibali cha kuingia gatini kiko wapi?"

"Nnalifukuza lori lile."

"Na lile lina kibali."

Lango likafungwa.

Alibonyeza redio yake ya Motorola. "Kumi na Moja kwa Kituo. Mzigo uko ndani. Uzuieni."

"Kwa sababu gani?" Sauti ya Kheir, mkuu wake, haikuwa na haraka. Haikupata kuwa nayo.

"Chupa elfu nne za dawa ya mchango wa tumbo. Za watoto wachanga."

"Cheti chao nnacho mezani. Kiko sawa."

"Ni cha uongo."

"Meli inaondoka saa saba. Niletee kitu cha kuonekana kwa macho. Hisia siipigii muhuri."

Hilo lilimuudhi kuliko lango, kwa kuwa Kheir alikuwa sahihi.

Dawa ile ilitokana na mmea wa majimaji ambao wauza dawa wa soko la Darajani huuita waji. Majani yake kama upanga, shina lake hutambaa chini ya tope kama tangawizi. Watu wameutumia kwa maradhi ya tumbo karne na karne. Lakini waji si mmoja. Wenye seti mbili za kromosomu hauna asaroni beta. Wenye seti tatu unayo kidogo, ndani ya kipimo kinachoruhusiwa. Wenye seti nne unayo tele, na panya waliolishwa kemikali hiyo walipata uvimbe wa saratani.

Cheti cha Petrus Halm, mgeni aliyejiita daktari, kilisema seti tatu. Mizizi yake ilitoka Asia ya Mashariki, ambako wa seti nne ndio mwingi.

Maabara ilitaka siku tatu. Zeyana alikuwa na saa tatu na dakika ishirini.

Saa nne na nusu alikuwa Cheju, kwenye mifereji ya bonde la mpunga ambako Halm alilimisha waji wake. Alitafuta kitu kimoja tu. Waji wa seti tatu ni tasa, hauzai mbegu. Mbegu moja ingetosha kukiua cheti.

Vikonyo vyote vya maua vilikuwa vimekatwa.

Mfereji wa kwanza. Wa pili. Wa tisa. Vyote, kwa kisu kikali.

Alilipiga teke tope.

Saa tano na nusu alibisha hodi kwa Mzee Usi, mkulima wa bonde lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umelowa, mwanangu."

"Maua ya waji kakata nani?"

"Mie. Bwana Halm kaniamrisha. Kila wiki huja kukagua."

"Ukayapeleka wapi?"

"Nshayachoma."

Mkewe, Bi Mwatum, aliangua kicheko mlangoni. "Huyu? Mbegu ya tikiti haitupi, atachoma hizo?"

"We mwanamke, hebu!"

Ndani mtoto alilia. Bi Mwatum akainua chupa ndogo kutoka kwenye mkeka. Zeyana aliijua lebo.

"Mjukuu wetu," Usi alisema. "Ana siku ishirini na mbili, na mchango unamtesa. Bwana Halm katupa zawadi."

"Ameshainywa?"

"Mara mbili."

"Bi Mwatum, usimpe tena. Mpeleke kituo cha afya, na chupa uende nayo."

"Ni sumu?"

"Sijui. Nnachojua ni kwamba karatasi ya Halm inasema mmea huu hauzai mbegu."

Usi alimtazama mjukuu wake. Kisha akaingia jikoni.

Juu ya mafiga, kwenye uchaga wa fito, mweusi kwa masizi, kati ya mashuke ya mpunga na mahindi ya kupandwa mwakani, kilining'inia kichopa cha vikonyo vikavu. Mkulima wa Cheju hachomi mbegu, hata akiamrishwa. Halm alijua kromosomu; hili hakulijua.

Zeyana alikiminya kikonyo kimoja. Mbegu nne zikaanguka kiganjani.

"Nilizijaribu," Usi alisema kwa aibu, akatoa kifuu cha nazi chenye udongo. "Zimeota."

Nje, Toyota Noah ilisimama ghafla.

Halm aliingia na bastola ya Makarov mkononi. "Nilikwambia uchome."

"Mbegu haichomwi, bwana."

Mtutu ulielekea kwenye kifuu. Zeyana aliunyakua mchi wa kinu na kumpiga mkononi. Bastola ikatumbukia mtungini. Dakika moja baadaye Halm alikuwa chini, amefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi.

Zeyana alizipiga picha mbegu na miche.

Mtandao hakuna.

Alikimbia juu ya tuta. Picha ikafika nusu, ikakwama. Akarudia. Ikakwama. Akapanda juu ya paa la Noah na kuinua Samsung yake juu ya kichwa.

Saa sita na robo picha ikaenda.

"Nimeiona," alisema Kheir redioni. "Ni seti nne?"

"Mbili au nne. Maabara itasema. Tatu haiwezi kuwa."

"Basi cheti kimekufa. Nnahitaji saini ya mkurugenzi. Yuko kikaoni."

"Mtoe."

"Zeyana..."

"Mtoe, mkuu!"

Saa sita na nusu polisi walimpakia Halm. Bi Mwatum alikuwa ameshaondoka na mtoto na chupa. Usi alisimama kando ya Vespa.

"Na mbegu zangu?"

"Ushahidi."

"Niachie hata mbili, mwanangu."

"Hata moja, mzee."

Saa saba kasorobo. Kimya. Saa saba kasoro dakika tano. Kimya. Zeyana aliongeza sauti ya Motorola.

Saa saba na dakika tatu ikaita.

"Meli imeondoka," Kheir alisema. "Makasha mia mbili yamebaki gatini."

Zeyana alizima redio, akavaa helmeti, akaiwasha Vespa na kuondoka.