Kaburi Lililovalishwa Jiwe

Udongo ulianzia kwenye mto wa kulalia. Si mwingi, kijiko kimoja cha chai, mbichi kama umechimbwa sasa hivi, saa nne asubuhi, ndani ya nyumba ya vigae ambayo hata sisimizi anavua viatu kabla hajaingia. Binti wa mwenye mto akaukung'uta. Kesho yake vijiko viwili. Ningekuwa mimi ningehama siku ileile, na ninavyojua kukimbia, kivuli changu kingenifikia wiki ijayo. Lakini wao walibaki, tena kwa furaha, maana mgonjwa wao aliyekuwa hajacheka kwa miezi miwili, sasa alikuwa anacheka na simu.

Ngoja nikupangie vizuri. Ukoo ule ni mkubwa, wakipiga chafya pamoja mabati ya mtaa mzima yanang'oka. Wametawanyika, hawajuani. Basi wakafungua ukurasa mtandaoni wa kuwakumbuka wazee wao: picha ya kaburi, jina, alizaliwa lini, alikufa lini, na chini yake kila ndugu anaandika lake. Jambo zuri, sibishi. Likabaki kaburi moja tu, la bibi yao. Na shangazi yao, mtoto wa mwisho wa huyo bibi aliyebaki hai, figo zilikuwa zimeshamuaga. Akasema, "Nataka nimwone mama kabla sijamfuata."

Aliyetumwa ni mtoto wa kaka yake, yatima aliyemlea yeye mwenyewe. Mtaani wanamwita Picha. Ana kibanda cha picha za pasipoti. Unaingia na fulana yenye matundu kama chujio, unatoka na suti: anakuvalisha kwa kompyuta, koti, tai, na kama huna shingo anakutafutia.

Picha akafika makaburini mchana, jua linakaanga mawe. Kaburi la bibi liko ndani kabisa, miiba inafika kiunoni. Akaitazama miiba, akavitazama viatu vyake vipya. Karibu na geti kulikuwa na tuta moja safi, halina jiwe, halina maandishi, hata jani moja halijaota juu yake. Hakujiuliza kwa nini. Akalipiga picha, akarudi kibandani, akalivalisha jiwe kama anavyovalisha watu: marumaru nyeusi, herufi za dhahabu, jina kamili la bibi. Dakika kumi, akairusha mtandaoni.

Ukoo ulilia mpaka simu zikaota kutu. Watu mia moja na ishirini na sita waliandika. "Bibi, tumekuona." "Bibi, sisi wajukuu zako tuko hapa." "Bibi, njoo ututembelee." Shangazi akalala ameikumbatia simu kama mtoto mchanga.

Asubuhi, udongo kwenye mto.

Siku ya tano binti wa shangazi, ambaye ni nesi na damu haimtishi, alimpigia Picha, sauti iko chini kama mtu aliyejificha kabatini.

"Kaka, njoo nyumbani."

"Nina wateja, dada."

"Mama anaongea na mtu."

"Si anaongea na simu?"

"Simu ninayo mimi."

Picha akaja mbio. Shangazi alikuwa amelala ukingoni mwa kitanda, amejibana ukutani, amemwachia mtu nafasi, na katika ile nafasi, mchana kweupe, godoro lilikuwa limebonyea urefu wa mtu mzima, na chumba kinanuka shimo, ile harufu baridi ya chini ambako jua halijawahi kufika, na kutoka chini ya shuka ikasikika sauti ya kucha zinakwaruza taratibu kwenye kitu kigumu, zinaacha, zinaanza tena, huku shangazi akitabasamu na kuitikia, "Ndiyo mama, nasogea mama," na kila akisogea lile bonyeo nalo linasogea.

"Nani huyo?" Picha akanong'ona.

Kitu kikajibu pale kwenye bonyeo, na mdomo wa shangazi haukutikisika. "Bibi yako. Si umeandika mwenyewe?"

Nasikia alitoka na mlango mabegani. Breki ya kwanza, kwa mlinzi wa makaburi. Yule mzee alipooneshwa picha alimshika Picha ukosi akamnyanyua kama kuku.

"Lile tuta halina mtu, mpumbavu wewe! Tulichimba tukakuta mwamba, tukafukia, maiti akazikwa mahali pengine. Miaka thelathini iliyopita. Kuna kitu kikahamia humo. Napita kimya, sikiiti, nacho hakiniiti. Wewe umekipa jina na wajukuu mia!"

"Nitaifuta picha, mzee."

"Futa! Unadhani ni chunusi ya usoni hiyo?"

"Sasa nifanye nini?"

"Hakivui jina mpaka kivalishwe lingine, la mtu aliye hai, atoe mwenyewe kwa kutaka. Na ufanye haraka. Kimeshaitwa mama, kitaondoka na mtoto wake."

Picha akarudi. Akapiga magoti kando ya kitanda, akasema yote, miiba, viatu, marumaru. Shangazi akamsikiliza. Tabasamu likamtoka. Mimi nimewahi kuona hasira, nimeona mama muuza mkaa akigombana na mvua mpaka mvua ikaomba radhi, lakini ya mwanamke yule ilikuwa nyingine.

"Hukufika?"

"Sikufika, shangazi."

"Nimekubeba mgongoni wewe. Nimekutafunia chakula. Nikakutuma kwa mama yangu mara moja, mara moja tu maishani, ukaogopa miiba?"

"Nisamehe."

"Mama yangu amelala porini peke yake, na mimi siku tano nalala na jini nikiliita mama!" Akageuka, akalizaba kofi lile bonyeo. "Toka! Mama yangu hakuwa na sauti tamu hivyo! Mama yangu alikuwa mkali!"

Kile kitu nacho kikakasirika. Kitanda kikatikisika, udongo ukaanza kumtoka shangazi mdomoni, kidogo, halafu mwingi, nesi anauchota kwa vidole na kulia, na kucha zile sasa zinakwaruza ukuta, na sauti inasema, "Mmeniita mia na ishirini na sita, mmelia, mmenikaribisha, nirudi wapi mimi?" na Picha ameshika simu, akaandika kwenye lile jiwe jina la jirani yake wa kibanda cha pili anayemwibia wateja.

"Huyo hajanipa," kikasema, kikacheka.

Shangazi macho yakageuka meupe. Picha akafuta. Akaandika jina lake mwenyewe, la kuzaliwa, na la baba yake, akabonyeza.

Godoro likainuka taratibu, kama mtu anaamka. Udongo ukakoma. Shangazi akavuta pumzi, akakohoa, na neno lake la kwanza likawa, "Ondoka mbele yangu."

Kesho yake Picha alifyeka miiba tangu alfajiri mpaka damu ikajaa viatuni, akampata bibi, jiwe dogo la kawaida limepasuka katikati. Akalipiga picha hivyohivyo lilivyo, hakuongeza hata nukta. Shangazi aliitazama ile picha nusu siku. Siku tisa Picha anapika, anafua, anadeki, na mama yule hamtupii hata salamu.

Siku ya kumi, Picha yuko jikoni anasuuza kikombe, akamsikia shangazi akimwita kutoka chumbani kwa lile jina lake la kuzaliwa, kwa sauti laini, sauti ya msamaha. Machozi yakamlenga. Akaweka kikombe, akajifuta mikono, akafungua mdomo aitike.

"Naam, shangazi," mtu akajibu kule chumbani, kwa sauti ya Picha mwenyewe. "Sogea kidogo, nilale."